Siku tatu darasani, siku tano kwenye karatasi

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mzee,

Mimi ni muuguzi, mwajiriwa wa serikali katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Kagera, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Ni msharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, naimba kwaya ya akina mama, na siku za Jumamosi nafundisha darasa la kipaimara. Naomba jina langu lisitajwe, kwa kuwa jambo lenyewe linahusu ofisi ninayoifanyia kazi hadi leo.

Idara yetu ina mradi wa lishe unaofadhiliwa na shirika la nje. Kupitia mradi huo tunatoa mafunzo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba vijijini kupima watoto na kuelimisha akina mama. Bajeti ya kila mafunzo ni ya siku tano, na kila mtu hulipwa posho ya shilingi 60,000 kwa siku. Mara ya kwanza nilipoitwa kuwa mwezeshaji, tulifunga siku ya tatu saa nane mchana, kisha ikapitishwa karatasi ya mahudhurio yenye nafasi za siku tano. Wenzangu walisaini zote huku wakiulizana habari za gari la kurudi nyumbani. Hakuna aliyeshusha sauti. Nami nikasaini. Nilijiambia kwamba tulikuwa tumeibana kazi ya siku tano ndani ya siku tatu, na kwamba si mimi niliyepanga iwe hivyo. Mafunzo yaliyofuata yalikwenda vilevile, na baada ya muda sikuwa hata na haja ya kujiambia kitu.

Mwezi huu mkuu wangu wa idara ameniteua kuwa mratibu msaidizi. Alinisifu mbele ya wenzangu kwamba mimi ni mtu mwaminifu, nisiye na maneno mengi. Kisha akaniita ofisini kwake akanikabidhi kitabu cha risiti cha nyumba moja ya wageni, kimegongwa muhuri kila ukurasa na hakijaandikwa chochote. Agizo lake ni kwamba niandae risiti za malazi za washiriki 22 wa mafunzo yajayo, nikusanye saini za siku tano siku ya tatu, na niandike taarifa ya utekelezaji inayolingana na karatasi hizo.

Nilimweleza mume wangu. Ni mtu mwema na tunasali pamoja, lakini alicheka, akasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, kwamba fedha hizo ni za Wazungu na zisipotumika zitarudi kwao, na kwamba mtoto wetu wa kwanza yuko kidato cha kwanza shule ya bweni. Ni kweli kwamba ada ya muhula uliopita ilitokana na posho hizo. Fungu la kumi pia nimekuwa nikilitoa.

Naomba unisaidie, Mzee. Je, jambo hili ni kubwa kweli, au dhamiri yangu imekuwa nyepesi kupita kiasi? Tangu nilipoonyesha kusita, mwenzangu mmoja ananiita mlokole. Nikikataa, nahofia kuondolewa kwenye mradi au kuhamishiwa zahanati ya mbali. Na fedha nilizokwisha kuzila nizifanyeje? Mbele ya watoto wa kipaimara naona aibu. Je, niache kufundisha? Mafunzo yanaanza baada ya wiki mbili.

Mtumishi, Kagera

MAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa ndani wa hesabu, kwa hiyo karatasi unazozieleza nazifahamu kwa sura na kwa harufu. Umeuliza kama jambo hili ni kubwa. Katika barua yako umenieleza habari za posho, saini, risiti na ada, lakini hukunieleza kilichokuwa kimepangwa kufundishwa siku ya nne na ya tano. Mimi ningeanzia hapo.

Mafunzo ya aina hiyo kwa kawaida huweka nadharia mwanzoni na vitendo mwishoni, na wewe ni muuguzi, unajua vitendo hivyo ni vipi. Mhudumu wa jamii hupewa utepe wa rangi tatu wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto mwenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano. Anatakiwa atafute katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, auzungushe utepe bila kuukaza wala kuulegeza, kisha asome: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani. Tofauti ya mtoto wa kupelekwa kituo cha afya leo na mtoto wa kurudishwa mgongoni kwa mama yake ni milimita chache, na mkono wa mhudumu haujifunzi milimita hizo kwa kutazama picha ukutani. Anajifunza kwa kupima watoto halisi wanaolia na kujinyonganyonga, akisahihishwa na mtu kama wewe. Ikiwa hayo ndiyo yaliyokatwa, basi mumeo anakosea kusema kwamba fedha ni za Wazungu. Zilikuwa zimekwisha kutolewa na Wazungu hao, na mwenye fedha hizo alikuwa mtoto fulani wa kijiji fulani, ambaye utepe umelegea mkononi mwake na kumpa kijani asichostahili.

Ndiyo maana sikubaliani na hesabu tunayopenda kuifanya ya kupima dhambi kwa kiasi. Kwako wewe ni shilingi 120,000 kwa kila mafunzo, kwa watu 22 ni 2,640,000, na nchi ina mashimo makubwa kuliko hayo. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inapowasilishwa bungeni tunasikia mabilioni na kuguna, kisha tunajiona wasafi kwa kuwa zetu ni laki. Msemo wa mbuzi na kamba nao umetuharibu sana. Watu husahau kwamba aliyeifunga ile kamba aliifunga ili mbuzi asifike kwenye mahindi ya jirani.

Sasa niseme jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha barua yako, ingawa umelipita haraka. Mkuu wako amekuchagua kwa sababu wewe ni mwaminifu. Hakukosea, wala hakuwa anakudhihaki. Karatasi ya uongo haiwezi kutembea yenyewe. Inahitaji mtu ambaye mhasibu akiona saini yake hatauliza swali la pili, na mfadhili akisoma taarifa yake ataipokea. Mtu anayejulikana kwa wizi hawezi kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa karatasi zake huchunguzwa. Kinachotakiwa kwako ni hilo jina lako jema, lililojengwa na miaka ya kuwahi kazini na kutochukua dawa za wagonjwa, ili litumike mara hii moja kufunika jambo, na mara nyingine tena, mpaka litakapokuwa halina tena cha kufunika. Posho uliyopokea ni ujira mdogo mno kwa kitu cha thamani hiyo.

Unajua pia kwamba hukuwahi kukaa ukaamua kuwa mwongo. Hapo ndipo maridhiano madogo yanapokuwa na nguvu kuliko jaribu kubwa. Angekuja mtu na mfuko wa fedha usiku ungemfukuza. Lakini kalamu ilipokufikia watu wakiwa wanazungumzia gari, kukataa kungeonekana kuwa utovu wa adabu. Mara nyingi Mkristo wa kwetu hashindwi na tamaa bali na haya: haya ya kumwaibisha mwenzake, ya kuonekana anajitia utakatifu, ya kumjibu mkubwa wake. Adabu ni jambo jema, nami nimelelewa nayo. Lakini adabu haijawahi kudai saini ya mtu.

Kuhusu dhamiri kuwa nyepesi kupita kiasi, swali lako ni la haki, kwa sababu wako Wakristo wanaojitesa kwa mambo ambayo Mungu hakuwauliza. Fungua 2 Wafalme sura ya 5, uisome yote mpaka mwisho bila kuishia pale Naamani anapopona. Naamani, akiisha kuponywa, anamwambia Elisha mapema na waziwazi kwamba kazi yake itamlazimu kuingia katika nyumba ya Rimoni pamoja na mfalme wake anayeuegemea mkono wake, naye atainama. Anaomba asamehewe kwa hilo. Elisha hamfokei, anamwambia aende kwa amani. Kuna nafasi basi, katika Maandiko, kwa mtu aliyefungwa na kazi yake, anayesema ukweli juu ya kifungo hicho.

Kisha anakuja Gehazi, mtumishi wa nabii. Naamani alikuja na talanta kumi za fedha na alikuwa tayari kabisa kutoa, Elisha alikataa. Gehazi anaona kwamba mfadhili, tumwite hivyo, ameachiwa aondoke na fedha zake bure, akamkimbilia, akabuni vijana wawili wa wana wa manabii waliofika punde kutoka milima ya Efraimu wenye haja ya talanta moja ya fedha na mavazi mawili. Watu wawili ambao hawakuwapo, na mahitaji yao yametajwa kwa idadi! Nilipokuwa kazini nilizoea kufikiri kwamba hiyo ndiyo orodha ya washiriki hewa ya kwanza katika Biblia. Naamani hakuumia hata kidogo, tena alimwongezea talanta ya pili. Lakini Mungu alikuwa amemponya mgeni bila malipo, na Gehazi akaigeuza neema hiyo kuwa huduma yenye bei. Aliporudi na kuulizwa ametoka wapi, akajibu kwamba hakwenda mahali. Tofauti ya Gehazi na Naamani ndiyo kipimo ninachokupa: Naamani alilisema jambo lake kabla halijatokea, mbele ya mtu aliyeweza kumkatalia, Gehazi alilazimika kubuni na kuficha. Kama lako lingekuwa la namna ya Naamani ningekwambia ulale usingizi. Kitabu cha risiti kisichoandikwa hakina jinsi ya kuwa jambo la namna hiyo.

Sheria nayo sitaizungumza kwa kirefu. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinahusu kutumia nyaraka zenye maelezo ya uongo kumdanganya mwajiri, na adhabu yake ni faini au kifungo, au vyote viwili. Hadi sasa ulikuwa mmoja wa waliosaini. Ukiandika risiti hizo unakuwa mwandaaji, na hoja ya ukaguzi ikiibuka, mwandiko utakaoonekana ni wako. Aliyekukabidhi kitabu hajaandika hata herufi moja.

Sasa la kufanya. Usisubiri siku ya tatu ya mafunzo, kwa sababu siku hiyo watu 22 watakuwa wamekwisha kuzihesabu fedha hizo na wewe utakuwa umesimama peke yako kati yao na nauli zao. Nenda wiki hii. Danieli, alipoazimu kutojitia unajisi kwa chakula cha mfalme, hakupindua meza wala kuwatangaza wanaokula. Alimwendea mkuu aliyehusika, akasikia hofu yake, kisha akamwomba msimamizi jambo dogo linalopimika, siku kumi za mboga na maji. Alimpa mtu njia ya kutokea. Nawe mwombe mkuu wako nafasi faraghani, umwambie kwa heshima yote: “Nashukuru kwa kuniamini, na kazi ya uratibu nitaifanya kwa moyo. Lakini siwezi kuandika risiti za malazi ambayo hayakufanyika, wala kukusanya saini za siku ambazo hatutakaa. Naomba tufanye siku zote tano kama ilivyopangwa. Kama siku tano haziwezekani, niruhusu niandike rasimu ya barua kwa wafadhili tuombe kubadili bajeti iwe ya siku tatu, na fedha za siku mbili tuombe zitumike kuwafuatilia wahudumu vijijini kwao.” Nenda ukiwa na rasimu hiyo mkononi. Usitaje yaliyopita, usitaje wenzako, na usitishie; wakuu wengi, nimewaona, huchoka na mizigo hii kuliko tunavyodhani, na humshukuru kimoyomoyo anayewapa sababu ya kuitua.

Akikubali, mwombe mtu wa pili, ikiwezekani kutoka ofisi ya mhasibu, athibitishe mahudhurio kila asubuhi. Paulo alipopeleka changizo la makanisa hakukubali kulibeba peke yake, na hakuna aliyemwona kuwa mtu asiyejiamini. Akikataa, mwandikie dokezo fupi la kuomba kupumzishwa kazi ya uratibu, nakala ubaki nayo. Likija shinikizo la vitisho, mlango wa mkaguzi wa ndani uko wazi, ofisi ya afisa masuuli ipo, TAKUKURU wapo, na tangu mwaka 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Sikwambii uanzie huko. Nakwambia tu kwamba hauko porini.

Je, unaweza kuhamishwa? Unaweza. Sitakudanganya kwamba Mungu humlinda kila mwaminifu asifike zahanati ya mbali, vijana watatu mbele ya tanuru walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, “Bali kama si hivyo.” Ninachokijua ni kwamba zahanati ya mbali nayo ina wagonjwa, na mshahara wako utakufuata huko. Posho ndiyo haitakufuata.

Mwenzako anakuita mlokole, na kwa mtu wa Kagera hilo si tusi hata kidogo. Uamsho wa walokole ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuingia Buhaya huko kwenu, ulijulikana kwa jambo moja lililowashangaza hata waajiri: watu waliotubu walirudisha vitu. Walirudisha vifaa vya kazi, mifugo, fedha, wakaenda kwa miguu yao kuwaeleza wenye mali. Hawakuliona hilo kuwa njia ya kununua msamaha. Walikuwa wamekwisha kusamehewa, na mali ya mtu ilikuwa bado iko nyumbani kwao. Hivyo ndivyo alivyofanya Zakayo pia. Basi piga hesabu ya siku ulizolipwa bila kukaa, uandike jumla yake, na upange kuirejesha, hata kwa awamu. Hata hivyo, kabla hujamwandikia mtu yeyote maungamo kwenye karatasi, kamwone wakili akueleze matokeo yake kisheria na njia rasmi ya kuzirejesha fedha za mradi. Kufanya hivyo si upungufu wa imani. Na usijifariji kwa fungu la kumi, binti yangu. Kumpa Mungu sehemu ya kumi ya kitu kisicho chako hakukupi haki juu ya zile tisa zilizobaki.

Darasa la kipaimara usiliache kimyakimya, na usiendelee nalo kimyakimya. Mwone mchungaji wako kabla ya Jumamosi, mweleze wewe mwenyewe, na umwachie yeye aamue kama upumzike kwa muda au uendelee. Ndiyo kazi yake, na ni mzigo usiopaswa kuubeba peke yako. Akikuruhusu kuendelea, fundisha amri ya saba, “Usiibe”, bila kuilainisha. Luther mwenyewe, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, hakuishia kwa wavunja makufuli. Aliwataja pia wezi wanaokaa vitini na kuitwa mabwana wa heshima. Watoto wa umri huo wanawajua wezi wa namna hiyo kuliko tunavyofikiri, kwa sababu wanasikiliza tunapozungumza mezani.

Limebaki la mumeo na ada. Usimhubirie. Mwonyeshe hesabu: ada ya mwaka, mishahara yenu miwili au mmoja, na upungufu uliokuwa ukizibwa na posho hizo. Kisha nendeni wote wawili shuleni mkaombe kulipa kwa awamu, jambo ambalo wazazi wengi huliomba, na muulizie mkopo wa ada kwenye SACCOS ya watumishi kabla muhula haujafunguliwa, kwa maana foleni ya Januari huwa ndefu. Kama haitoshi, shule ya kutwa ya serikali iko karibu nanyi, na huko hamlipi ada. Kijana atanung'unika mwezi mmoja.